Nani Amewatuma? Historia ya kazi ya mikono, na wanafunzi wanaorudi likizo Kasongo na Kabambare

Likizo ya Pasaka inapofika, vijana wenye mabegi mgongoni wanaingia Kasongo kila siku. Wanatoka vyuo vya Kindu, Bukavu, Kalemie, Lubumbashi na Kisangani. Wengine wanakuja kwa pikipiki, wengine kwa treni mpaka Samba, pale treni inapokubali kutembea. Wengi wanarudi kupumzika, kula wali na sombe ya nyumbani, na kuwakumbusha wazazi habari ya minervali. Lakini kuna wengine wanaotoa siku chache za likizo yao kufanya kazi hapa mjini. Wanafyeka majani kuzunguka kituo cha afya, wanazibua mitaro, wanachimba choo pale waliohama wamejaa, ao wanakusanya watoto wasiosoma na kuwafundisha herufi chini ya mwembe. Hakuna anayewalipa.

Wazee wakiwaona na kupekupe mkononi, wanauliza swali moja: ni nani amewatuma?

Vijana wengi hawapendi swali hilo. Wanaona kama wazee hawana shukrani, ama wanadhani nyuma yao kuna mwanasiasa anayetafuta kura. Lakini swali hilo halikuzaliwa jana. Lina miaka zaidi ya mia moja, na katika Maniema ya kusini lina sababu zake. Leo tunataka kueleza sababu hizo, kwa vijana wenyewe na kwa ninyi familia za Kabambare mnaoishi katika nyumba za watu hapa Kasongo, Samba na kwingineko. Ninyi ndio mnaotajwa kila mara kazi hizi zinapofanyika, kwa hiyo ni haki yenu kujua zimetoka wapi.

Kazi ya kusaidiana na kazi ya mateka

Tuanze na kitu ambacho kila mkulima wa hapa anakijua: likelemba. Leo tunalima shamba lako, kesho langu, kesho kutwa la jirani. Mwenye shamba anapika chakula cha siku hiyo. Hakuna askari wala karatasi. Asiyekuja kwa wenzake atalima peke yake zamu yake ikifika, na kila mtu anajua hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya pamoja ambayo babu zetu waliielewa: inazunguka na kurudi kwa aliyeitoa.

Karne ya 19 ilileta kazi ya namna nyingine. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za ndovu, na Kabambare ikawa kituo kwenye njia yao kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Kutoka wakati huo tumerithi lugha hii tunayoandika, dini ya Kiislamu ambayo wengi wetu wanaifuata, na mchele ambao mpaka leo unalisha Maniema. Lakini yale mashamba ya mpunga yalilimwa na nani? Sehemu kubwa ni watu waliotekwa vijijini. Jembe lilikuwa lile lile la likelemba. Mavuno ndiyo hayakurudi kwa aliyelima.

Siku 60 za leta

Mwaka 1893 majeshi ya Leopold wa pili, mfalme wa Ubelgiji, yalichukua Nyangwe, kisha Kasongo mwezi wa Aprili. Kabambare ilifuata mwanzoni mwa 1894. Wazungu walisema wamekuja kumaliza utumwa. Baada ya hapo raia walijua kazi ya leta: kubeba mizigo, kutengeneza barabara, kujenga vituo, kutoa chakula kwa askari. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika mwaka 1910. Katika vita ya kwanza ya dunia, watu wa mashariki ya Kongo walibeba mizigo ya jeshi lililoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na wengi wa wapagazi hao hawakurudi nyumbani.

Mwaka 1917 leta ilianzisha kilimo cha pamba kwa amri, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa katika Kongo nzima. Kila mwanaume mzima alipimiwa shamba. Kapita alipita kukagua. Aliyekosa alifungwa ao alipigwa fimbo. Bei ya pamba haikupangwa na mkulima, na kampuni ya kununua ilikuwa moja tu. Sheria ya mwaka 1933 ilikubali leta imlazimishe raia wa kijijini kufanya kazi mpaka siku 60 kwa mwaka. Vita ya pili ilipopamba moto, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa mpaka 120. Hesabu wewe mwenyewe: ni theluthi ya mwaka, na shamba lako la mihogo linakungoja.

Kazi hizo zote ziliitwa jina zuri. Zilikuwa za elimu, za maendeleo, za manufaa ya raia wenyewe. Kwa hiyo mzee aliyekulia katika nyumba iliyolima pamba ya leta, akisikia leo kwamba kazi fulani ni kwa faida ya raia, anasimama kwanza na kuuliza. Si uvivu. Ni kumbukumbu aliyoachiwa na baba yake.

Wanafunzi wa chuo kikuu wanaingia katika habari hii

Chuo kikuu kilichelewa sana kufika katika nchi yetu. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati huo, mwaka 1954. Chuo cha serikali cha Lubumbashi kilifuata mwaka 1956, na cha Kisangani mwaka 1963. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Ndiyo maana mwanafunzi alionekana kama mtu adimu, na nchi nzima ilimtazama na kungoja kitu kutoka kwake.

Serikali nayo ilingoja kitu kutoka kwake: utii. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa kudai masharti bora ya maisha. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu hao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo vyuo vitatu viliunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire.

Hapa tunaona kitu ambacho vijana wa leo hawafundishwi sana. Mwanafunzi wa Kongo aliitwa kulitumikia taifa kwa bunduki mgongoni, na lilikuwa adhabu. Kwa kizazi kile, kutumika na kuadhibiwa vilikuwa karibu neno moja.

Jumamosi ya salongo

Baadaye kidogo, katika miaka ya 1970, Mobutu alileta salongo. Neno ni la Kilingala na linahusu kazi ya pamoja. Jumamosi, raia walitakiwa kutoka na kupekupe na ufagio, kusafisha barabara, masoko na ofisi. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mji mchafu unaleta kipindupindu kwa tajiri na kwa masikini pia, na likelemba tulikuwa nayo kabla ya Mobutu.

Tatizo lilikuwa namna ya kuifanya. Wakubwa hawakutoka. Aliyechelewa alilipa faini, na faini ilimalizikia mfukoni mwa aliyeikata. Sehemu nyingi raia walijikuta wanalima mashamba ya kiongozi wakiambiwa ni kazi ya taifa. Hata wakati chama kimoja kilipokwisha, neno lilibaki. Leo bado wakuu wa miji na majimbo wanatangaza salongo, na bado raia wanajificha ndani mpaka saa zipite. Kijana akitumia neno salongo kuita wenzake kazini, na ajue kwamba mzee jirani yake anasikia ndani yake faini na filimbi.

Majirani nao walijaribu

Si sisi peke yetu tuliohangaika na jambo hili. Tanzania, mwaka 1966, serikali iliamua kwamba wanaomaliza chuo kikuu na shule za juu wafanye kazi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga, wamevaa majoho yao ya chuo. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akafukuza karibu 400 na kuwarudisha vijijini kwao. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata. Mtu anaweza kubishana na Nyerere juu ya kuwafukuza. Lakini alipowaambia vijana wajinyime, alianza na mfuko wake, na jambo hilo Watanzania bado wanalisimulia.

Ethiopia walifanya kubwa zaidi. Baada ya mfalme Haile Selassie kuangushwa mwaka 1974, wanajeshi walifunga chuo kikuu na madarasa ya juu ya sekondari, wakatuma wanafunzi na walimu karibu 60,000 vijijini. Walitakiwa kufundisha kusoma, kuchimba visima na kueleza sheria mpya ya ardhi. Wanafunzi wengi walikwenda na moyo. Lakini walipoanza kuwatetea wakulima kwa namna ambayo wanajeshi hawakuipanga, waligombana na serikali iliyowatuma, na wengi walitoroka.

Kule Marekani hali ni nyingine kabisa. Vyuo vyao vina juma moja la mapumziko mwezi wa tatu ao wa nne, na kwa mazoea vijana wengi walikwenda baharini kunywa na kucheza. Mwaka 1991, kwenye chuo kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, lilianzishwa shirika la Break Away la kusaidia wanafunzi kutumia juma hilo kwa kazi ya kujitolea. Kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans mwezi wa Agosti 2005, maelfu ya wanafunzi walikwenda kule likizo iliyofuata kusafisha nyumba zilizojaa matope. Baadaye swali likaulizwa huko pia: kwa nini kusafiri mbali wakati nyuma ya ukuta wa chuo kuna watu wasio na chakula? Vikundi vingine vikaanza kubaki katika mji wao wenyewe wakati wa likizo. Kwao kubaki mjini ni uamuzi wa kufikiria. Kwetu ni kawaida, maana nauli ya kwenda kwingine haipo. Lakini swali la nani anafaidika na kazi ya mgeni wa juma moja ni lile lile.

Kasongo ilionyesha njia mwaka 1971

Mwaka ule ule ambao wanafunzi wa Kinshasa walipelekwa jeshini, hapa Kasongo ilianza kazi ambayo madaktari wa nchi nyingi wanaisoma mpaka leo. Ni mradi wa afya uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Ulijulikana kwa jina la mji wetu: Mradi wa Kasongo.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza. Badala ya watu wote kukimbilia hospitali moja, vilianzishwa vituo vidogo vya afya, kila kimoja kwa watu karibu 10,000, na hospitali ikabaki kwa wagonjwa wanaohitaji zaidi. Kila kituo kilizungumza na kamati ya watu wa pale. Wanakijiji walikuwa na sauti juu ya namna kituo kinavyotembea. Miaka ya 1980, nchi nzima ilipogawanywa katika zoni za afya 306, mafundisho ya Kasongo yalikuwa kati ya yale yaliyotumika. Zoni za leo za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Saramabila zimekaa juu ya msingi huo.

Kwa nini tunalitaja hapa? Kwa sababu ni mfano wa nyumbani. Hapa penyewe watu walitoa mikono na akili zao kwa kazi ya wote, na si kwa sababu kapita amesimama nyuma. Walikaa katika kamati, walijua pesa za dawa zinakwenda wapi, na mtoto wao akiugua walikwenda kituo kile kile. Ilizunguka ikarudi, kama likelemba.

Na leo, mji wako ni upi?

Vita vilivyofuata vilibomoa mengi ya hayo. Tusipoteze muda kuvihesabu vyote, mnavijua kuliko sisi. Tangu 2017 Kabambare imepokea watu waliokimbia Fizi na Tanganyika, halafu yenyewe ikakimbia: mapigano ya kuzunguka Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya yaliwatoa raia kwa maelfu. Wengi hawakukaa kambini. Walipokelewa na jamaa, na watu wasiowajua, chumba kimoja familia mbili. Hao wapokeaji walifanya kazi ya kujitolea kubwa kuliko zote, na hakuna aliyewapiga picha.

Mahali pengine mashariki, vijana wa mji walionyesha kitu. Goma, mwaka 2020, wakati wa Korona, vijana walijiunga katika kundi la Goma Actif. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wakaikimbia Goma, kundi hilo lilikuwa tayari lipo, linajua mitaa na linajulikana. Vijana wake walisaidia kupeleka chakula kwa waliohama. Hawakungoja magari ya mashirika makubwa. Funzo letu hapa ni kwamba walianza kabla ya msiba.

Sasa turudi kwa wanafunzi wetu. Kati yao wapo waliozaliwa Kabambare na wasioweza kurudi huko likizo. Wazazi wao wako Kasongo katika nyumba ya kupewa. Tukisema mwanafunzi afanye kazi katika mji wake mwenyewe, huyu tunamwambia aende wapi? Wengine watamjibu kwamba mji wake ni ule wa baba yake. Sisi tunaona kwamba mahali mama yako anapochota maji asubuhi ni mji wako pia, na mtaro unaopita hapo unakuhusu. Akishika kupekupe pamoja na mtoto wa mwenye nyumba, wanaanza kuwa majirani, na mwenye nyumba anaona kwamba mgeni wake anajua kutoa kama anavyopokea. Hilo lina maana kubwa katika mji ambao maji, kuni na mashamba ya kukodi yanaanza kugombaniwa.

Historia hii yote inatupa maswali matatu ambayo kikundi chochote cha wanafunzi kinaweza kujiuliza kabla ya kutoka.

Kwanza, anayekataa atapata nini? Kama atapata faini, matusi ao jina lake kusomwa kanisani ama msikitini, basi tumerudi kwa kapita. Kazi ya kujitolea inamruhusu mtu kubaki nyumbani.

Pili, nani alichagua kazi? Familia iliyohama inaweza kuwa na shida ya choo wakati wanafunzi wamekuja kupaka ukuta rangi. Mama anaweza kuhitaji mtu wa kumwandikia barua ya kumtafuta mtoto aliyepotea njiani, na hilo ni la saa moja na kalamu. Ulizeni kwanza, na waulizeni wanawake, maana ndio wanaojua maji yanatoka umbali gani.

Tatu, likizo ikiisha, nani atabaki na funguo? Choo kilichochimbwa na wanafunzi kitajaa. Mtaro utaziba tena mvua ya kwanza. Mtoto aliyejifunza herufi tano kwa juma moja atazisahau kama hakuna wa kuendelea naye. Mradi wa Kasongo uliacha kamati. Kikundi cha likizo kiache angalau watu watatu wa mtaa wanaojua jembe liko wapi na zamu ni ya nani.

Kwa ninyi familia mliohama, msikae mkingoja kuulizwa. Mkiona vijana wanakuja, semeni shida yenu ya kweli, hata kama si ile waliyoitaja. Na mkiwa na mkono wa kutoa, toeni. Wengi wenu ni mafundi, walimu, wakunga na wakulima hodari wa mpunga.

Na kwa ninyi wanafunzi: mzee akiwauliza ni nani amewatuma, msikasirike. Kaeni naye dakika kumi. Mwelezeni kazi ni ipi, nani aliichagua, pesa za misumari zimetoka wapi, na nani ataitunza mkiondoka. Kisha mwombeni awasimulie siku 60 za leta. Pengine mkimaliza kusikiliza, ataomba kupekupe naye atoke.